Unitoshee Ile Listi

Wajukuu zangu wa kle, hamjambo? Juzi nilipita kwenye sekretaria moja karibu na soko, yale maduka yetu ya kuchapa na kutoa fotokopi, nikakuta vijana watatu wameinamia kompyuta kama watu wanaotazama mgonjwa. Kle ya mteja, ile ambayo wengine mnaiita flashi, ilikuwa imejaa. Wanafuta. Wanafuta tena. Inabaki imejaa vilevile. Mmoja akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Nilicheka mpaka mtandio ukaanguka begani. Sisi tulikuwa tunapuliza mashine za chapa kwa sababu zilikuwa na vumbi la kweli, pamoja na mende mmoja mmoja. Kle unaipuliza ili itoke nini?

"Bibi, unacheka nini?" mkubwa wao akaniuliza.

"Fungua korbeyi," nikamwambia, yaani lile kapu la takataka lililochorwa kwenye skrini.

"Bibi, kle haina korbeyi. Ukifuta kitu mu kle, kimekwenda. Kila muntu anajua."

"Kila muntu wa mashine gani?"

Akafungua. Mafaili yote waliyoyafuta asubuhi ile yalikuwa yamekaa humo kwa raha zao, hakuna hata moja lililokuwa limehama. Hawakunishukuru. Mmoja aliuliza tu kama nilisoma Kinshasa.

Sikusoma Kinshasa. Nilisoma hapahapa Kindu, kwenye kiti cha mbao kisichokuwa na mgongo, kwa kukosea. Jina langu ni Mwamini, nimechapa maandishi ya watu tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipoanza kuniomba ruhusa. Kwa hiyo nisikilizeni kidogo, halafu mtarudi kwenye simu zenu.

Ziko mashine za aina mbili mtakazokutana nazo kwenye sekretaria. Ziko zile za madirisha, ambazo nyote mmejifunzia. Hizo zina korbeyi, lakini korbeyi ni ya diski ya ndani ya mashine. Ukifuta kitu kilichomo kwenye kle, hakipiti korbeyini, kinakwenda moja kwa moja. Na ziko zile zenye picha ya ndege mnene asiyeruka, kama ile ya wale vijana, ambazo siku hizi watu wanaziweka kwa sababu hazilipiwi. Hizo zina adabu nyingine. Ukifuta kitu kwenye kle, zinatengeneza kapu ndani ya kle yenyewe, zinalificha, zinaweka kitu chako humo. Nafasi hairudi mpaka umwage kapu hilo, na ulimwage kle ikiwa bado imechomekwa. Ukiichomoa, takataka zako unatembea nazo mfukoni.

Muulizeni prefe mmoja, yaani mkuu wa shule, ambaye sitamtaja kwa sababu bado tunasalimiana. Alichapa maswali ya mtihani kwenye mashine ya ndege, akayatoa kwenye karatasi, akayafuta kwenye kle kwa mkono wake mwenyewe. Alihakikisha mara mbili. Kisha akawaazima wanafunzi wa darasa la mwisho kle ileile waweke nyimbo za sherehe. Wanafunzi wakaenda kwenye mashine ya madirisha. Sasa lile kapu, kule kwa ndege limefichwa, lakini huku kwa madirisha linaonekana wazi kama folda nyingine yoyote, lina kinukta mbele ya jina basi. Watoto wakalifungua. Mtihani ule walifaulu wote, hata wale wa benchi la nyuma ambao huwa wanaandika jina lao vibaya. Prefe alitoa hotuba nzuri sana kuhusu bidii.

Mtasema Bibi ana ulimi. Ninao, na sikuupata bure. Mwanzoni kabisa, wakati wa mashine za chapa, nilichapa barua ya kumkaribisha mkubwa mmoja wa serikali, na badala ya kuandika Mheshimiwa nikaandika Marehemu. Barua ilikwenda. Yule bwana aliisoma mbele ya watu. Aliyenifundisha kazi, Papa Kitenge, fundi wa mashine na zamani mpigasimu wa reli, aliitwa ofisini kueleza. Alirudi, akaketi.

"Mwamini, mutoto wangu," akasema, kwa Kiswahili chetu ambamo njo ni ndiyo, "hata kama njo vile unamuombea, usiandike."

Papa Kitenge ndiye aliyenifundisha kufunga kompyuta kwenye blanketi wakati wa mvua, kukausha disketi kwenye mfuko wa mchele, na kutomwamini mtu anayesema "nimefuta". Alikuwa anasema kufuta ni neno la watu wavivu. Ubao wa shule unafutwa. Mashine haifuti, mashine inasahau tu mahali ilipoweka. Nilikuwa nacheka. Niliacha kucheka wakati wa vita.

Ninyi wengi hamkuwa mmezaliwa. Mji ulikuwa umezungukwa. Mashamba yako ng'ambo ya watu wenye bunduki, chakula hakiingii, chumvi tunainusa kwa majirani. Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja na printa moja, na jenereta tuliyoiwasha kwa saa moja ikipatikana mafuta. Tulikuwa na sheria: kitu cha mteja hakibaki ndani ya mashine. Wenye bunduki walikuwa wanapenda kuja kuuliza nani ameandika nini. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na disketi yake, kile kisahani cha plastiki bapa ambacho leo mnakiona tu kwenye picha ya kitufe cha kuhifadhi, na aliondoka nayo.

Mmoja wa wateja wetu alikuwa Docta Musafiri. Hakuwa daktari, alikuwa muuguzi, lakini kwetu anayeshika sindano ni docta. Alikuwa amefanya kazi upande wa Kailo, kwenye kituo ambako watu waliotoka msituni walikuwa wanawaleta watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Alikuwa ameandika kila mtoto kwenye daftari: jina, jina la baba kama analijua, kovu, wimbo, jina la mbuzi wa kwao, chochote. Akaja Kindu kwa miguu. Nilimchapia siku mbili, faili moja kwa kila upande ambao watoto walisema wametoka: KAILO, PUNIA, PANGI. La nne aliliita SIJUI, kwa watoto wanne ambao kila walipoulizwa walijibu hivyo.

Tulipomaliza, alichoma daftari jikoni kwetu. Msimlaumu. Wakati ule kwenye vizuizi vya barabarani mtu aliyekutwa na karatasi zenye majina ya watu alikuwa mpelelezi, na mpelelezi hakuwa anaulizwa mara ya pili. Disketi ndiyo ikabaki peke yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Zikapita wiki. Asubuhi moja Musafiri akaja anatweta. Kulikuwa na wafanyabiashara wa baiskeli, wale wanaosukuma mizigo kwenye vijia vya msitu, waliokubali kubeba ile orodha na kuisoma kwenye kila soko watakalofika. Walikuwa wanaondoka adhuhuri ileile, na hakuna aliyejua kama watapita tena. Jenereta ilikuwa inaunguruma. Musafiri akanipa disketi, akasema akiwa bado mlangoni:

"Mama Mwamini, unitoshee ile listi mu disketi. Mbiyo, wanatoka!"

Sasa ninyi mliosoma vitabu vya pwani mnajua kutosha ni kuwa ya kiasi: chakula kimetosha, maneno yametosha. Kwetu Kindu, kutosha ni kutoa. Unatosha maji mtungini. Unatosha jino. Unatosha mtu kazini. Unatosha fotokopi. Na ukiwa na kitu usichotaka kionekane, unakitosha pia. Wiki ile ile watu wawili walikuwa wamekuja na disketi zao wakisema nitoshe majina haya haraka, wanatoka kule, wanakuja huku, na nilijua wanawasema wenye bunduki. Niliyafuta, wakanibariki. Musafiri naye anatweta, anasema mbiyo, wanatoka. Nani wanatoka? Sikuuliza. Nilichomeka disketi, nikayashika mafaili yote manne, nikayafuta. Nilifanya kazi safi. Nilimrudishia disketi na kumpigapiga mkono.

"Pole, Docta. Nimeisha tosha."

Yeye akaangalia printa.

"Makaratasi iko wapi?"

"Makaratasi gani?"

Wajukuu zangu, nimewahi kuona nyumba ikiungua, nimewahi kuzika. Uso wa Musafiri wakati ule sitaki kuuona tena. Hakupiga kelele. Aliketi chini, sakafuni, akasema polepole, "Mama, ile njo listi yote. Iko hiyo moja tu."

Nilifungua korbeyi. Ilikuwa na barua ya harusi na picha ya ua. Ya disketi haikuwemo hata moja, kwa sababu ile niliyowaambia ya kle leo ilikuwa hivyohivyo kwa disketi zamani: kitu kinachochomolewa hakina korbeyi kwenye mashine ya madirisha. Hilo sikuwa nalijua. Nililijua dakika ile, na watoto wote wale mgongoni.

Musafiri akatoka kukimbilia nyumbani kwa Papa Kitenge. Mimi nikabaki peke yangu, na hapo nikafanya la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa neno. La pili lilikuwa aibu. Nilifikiri: nilichapa majina haya kwa mkono wangu, nitayakumbuka. Nikaanza kuandika haraka haraka. Ninyi mnaochapa mnajua, maneno hutoka machoni yakaenda vidoleni bila kupita kichwani. Nilikumbuka majina sita, mawili sina hakika nayo. Nikayahifadhi. Nikayahifadhi wapi? Kwenye disketi ileile.

Papa Kitenge akaingia na Musafiri, kandambili za bafuni zimevaliwa kushoto kulia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa disketi na kusogeza kile kijiti kidogo cha plastiki cha pembeni, ili mashine isiweze kuandika juu yake.

"Kisha kufuta, uliandika kitu humu?"

"Hapana, Papa."

Nilisema hivyo. Nilikuwa mama mzima mwenye watoto, nikasema hapana.

Alizima mashine, akaiwasha upya kwa disketi yake mwenyewe ya zamani, skrini ikawa nyeusi yenye maandishi meupe. Huku akichapa alikuwa ananieleza, kwa sababu yeye hata nyumba ikiungua angekufundisha jinsi moto unavyopanda. Ukifuta kitu kwenye disketi, akasema, mashine haikigusi. Inakwenda kwenye orodha ya majina, inakwangua herufi ya kwanza ya jina, basi. Ni kama nyumba ambayo jina la mlangoni limekwanguliwa: mwenye nyumba bado amelala ndani, ila mashine inahesabu kuwa chumba ni kitupu. Siku mpangaji mpya akija, anawekwa humo. Kabla hajaja, unaweza kumwamsha wa zamani, ila lazima uiambie mashine ile herufi iliyokwanguliwa. Akafungua kijiti, akachomeka disketi ya Musafiri.

Yakatokea, mstari mmoja mmoja, na kila moja lina alama ya kuuliza mbele: ?AILO. ?UNIA. ?ANGI. Chini yake mashine inasubiri herufi.

"Docta, njo weye utaje," Papa Kitenge akasema.

Musafiri akasimama nyuma yetu, mkono kwenye kiti. "K," akasema. Jina likakamilika. "P." Likakamilika. "P tena." Alikuwa analia na kutaja herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, nami nilikuwa nalia na kuomba Mungu. Kisha likaja la nne, ?IJUI, na mashine haikuuliza herufi. Iliandika kwamba faili hili haliwezi kurudishwa, nafasi yake imechukuliwa na lingine.

Na hilo lingine lilikuwa hapohapo juu, jina lake kamili, LISTI2, na saa ya asubuhi ile.

Papa Kitenge aliisoma ile saa. Akasoma tena. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Mwamini," akasema, "mimi unaweza kunidanganya. Disketi, hapana."

Tulichapa KAILO, PUNIA na PANGI nakala nyingi kadiri wino ulivyoruhusu. Baiskeli ziliondoka nazo. Wale wanne wa SIJUI hawakuondoka na mtu. Watoto ambao hawakuwa na kitu duniani isipokuwa mstari mmoja mmoja kwenye orodha, na mstari huo mimi nilikuwa nimeweka majina yangu sita ya kubahatisha juu yake.

Musafiri alirudi Kailo kwa miguu, kupita vizuizi vilevile, kuwauliza tena. Nilimwomba asiende. Akaniambia, "Mama, watoto njo wako kule, si hapa." Alikaa siku kumi na mbili. Nilizihesabu zote. Kila niliposikia mtu amekamatwa njiani, chakula kilinishinda, na wakati ule chakula hakikuwa kitu cha kuachia. Mume wangu aliniambia nimekuwa mwembamba kwa dhambi ya herufi moja.

Siku ya kumi na tatu akaingia ofisini, miguu imevimba, ametabasamu. Karatasi ilikuwa imeshonwa ndani ya ukosi wa shati. Watoto watatu walisema kama walivyosema mwanzo, yaani karibu hawakusema kitu. Wa nne alikuwa msichana mdogo aitwaye Anifa. Mara ya kwanza kila alichoulizwa alijibu sijui: mama, sijui, kijiji, sijui, hata kama ana njaa, sijui. Safari hii alipomwona Musafiri anaingia mlangoni, yeye ndiye aliyeuliza.

"Umerudia?"

"Nimerudia."

Musafiri aliniambia yule mtoto alimtazama muda mrefu sana. Watu wote waliowahi kumwambia nakwenda nakuja, walikwenda. Huyu alikuwa wa kwanza kurudi. Ndipo akasema, bila kuulizwa, kwamba kwao ni Tunda, na mama yake anauza majani ya mihogo, na ana sauti kubwa.

Wale watatu niliwachapa upya kwenye SIJUI, kisha nikafungua faili jipya, nikaliita TUNDA. Lilikuwa na jina moja. Nilihifadhi kwenye disketi mbili, na kila baada ya kuhifadhi nilimwita Papa Kitenge aje kutazama kwa macho yake, mpaka akaniambia nimwache ale. Karatasi ile ilipata njia ya kusini kwa mtu mwingine wa baiskeli. Hatukusikia kitu kwa miezi.

Wajukuu zangu, mimi sisemi kosa langu lilikuwa jema. Watakuja watu kuwaambia kila baya lina heri yake, na wengine husema hivyo ili wasiombe radhi. Mimi niliomba. Musafiri angeweza kufa njiani, ningekuwa nimemuua kwa kidole. Nawaambia tu yaliyotokea.

Yaliyotokea ni kwamba mwanamke mmoja alisikia jina la mwanawe likisomwa sokoni Tunda, akaacha majani yake palepale. Anifa alikuwa ameshaletwa Kindu, anakaa nyumbani kwa Musafiri. Walivyokutana sikuona, na Musafiri alipojaribu kunisimulia alishindwa. Lakini kesho yake yule mama alikuja ofisini, mtoto amemfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, miguu inaning'inia mpaka magotini. Na kweli, sauti alikuwa nayo.

"Njo weye uliandika jina ya mutoto wangu?"

"Njo miye, mama. Na njo miye nililifuta kwanza."

Nilimweleza yote: neno, disketi, uongo wangu kwa Papa Kitenge. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui alielewa nini kuhusu disketi. Akasema anataka kuliona jina. Nikawasha, nikafungua TUNDA, nikamwonyesha. Hakujua kusoma, aliweka kidole juu ya kioo chini ya herufi, akakipitisha polepole mpaka mwisho wa jina.

"Sasa ulifute," akasema.

Mkono wangu ulikataa. Tangu siku ile nilikuwa sijafuta kitu chochote cha mtu, wateja walikuwa wanalalamika. Nikamwambia hapana, mama, liache, halina ubaya likikaa.

"Mutoto amefika," akasema. "Jina likibakia mule, litakuwa linatafuta mama gani tena?"

Musafiri alikuwa mlangoni, Papa Kitenge kwenye kiti chake. Nikalifuta, kwenye disketi zote mbili. Yule mama akanishika mikono yote miwili, akasema asante. Katika miaka yangu yote ya kazi, ilikuwa mara yangu ya kwanza kufuta kitu nikijua hasa ninachofuta.